Shimo la Tofali

Mimi siumwi homa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniponza. Wenzangu kule Kisawasawa kila masika walikuwa wanatetemeka, wanalazwa juani wamefunikwa mablanketi, mimi nipo tu, nachota maji, natwanga, naruka kamba. Mama yangu alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu mbu akimng'ata, mbu ndiye anayekwenda zahanati." Watu wanacheka, na mimi nacheka. Nilidhani ni sifa.

Shangazi yangu ndiye aliyeipeleka sifa hiyo sokoni. Namtaja kwanza kwa sababu alikuwa damu yangu, na alijua nyumba anayonipeleka. Yeye aliolewa Michenga, jirani na mama mmoja mjane mwenye kijana mmoja na shamba kubwa la mpunga bondeni. Yule mama alikuwa anatafuta mkwe. Hakutaka mzuri, hakutaka msomi. Alitaka asiyeumwa homa.

Msije mkamwona mwendawazimu. Watu wa kule wanaelewa. Mvua zikianza tunahama kijijini, tunakwenda kukaa shambani, kwenye dungu, kibanda kilichojengwa juu ya nguzo ili maji yapite chini. Unakaa huko toka palizi mpaka kuvuna, katikati ya maji, na mbu wa huko hawabishi hodi. Sasa mke akianguka homa wiki ile ile ya palizi, magugu yanakula mpunga, na mwaka ule mnakula maembe. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na desturi yake, waliita kumwonjesha mtu bonde. Kabla mahari haijatajwa, binti anachukuliwa akakae masika moja dunguni na mama mkwe, eti anasaidia palizi. Akiugua, anarudishwa kwao na kanga na kuku wa asante. Asipougua, ameolewa.

Niliacha shule darasa la nne, na wakati huo nilikuwa mwali wa miaka kumi na minane hivi, na nilikuwa sijawahi kuonjwa na mtu yeyote. Nikaenda.

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, mama mkwe alikuwa ananiita.

"Umeamkaje?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kichwa?"

"Hakiumi."

"Viungo?"

"Vizima, mama."

"Sogea." Halafu anaweka mgongo wa mkono shingoni kwangu, anapapasa taratibu, kama mtu anayepapasa kuku kama ana yai. Kisha anaguna. Mkono wenyewe ulikuwa wa moto kuliko shingo yangu, maana yeye kila masika alikuwa lazima aangushwe na homa. Alikuwa anajifunika blanketi, meno yanagongana, huku ananihesabia mistari ya palizi. Marehemu mume wake, ambaye naye hakuwa anajua homa ni kitu gani, alikuwa akimwita "mgonjwa wangu", na mama wa huyo mume alimtukana mpaka siku anakufa kwamba amewaletea mzigo. Haya alinieleza mwenyewe, akitetemeka.

"Mimi niliapa," akasema. "Mwanangu hataoa mtu kama mimi."

Ndicho kiapo chenyewe kilichotumaliza.

Tulifunga ndoa kanisani, tukala wali. Mume wangu alikuwa mtu mpole, na upole wake huo namwandikia deni leo. Alikuwa mtu wa "mama amesema". Na yeye alikuwa haumwi, alirithi kwa baba yake. Alikuwa anajisifu mbele ya wenzake, "Mimi na mke wangu tunalala bondeni kama viboko." Mwaka ule wa ndoa akatujengea nyumba ya tofali za kuchoma kule kijijini, ya kwanza kwa upande wetu. Udongo wa tofali aliuchimba pale pale nyuma ya nyumba, kama kila mtu anavyofanya. Nyumba ikasimama, watu wakaja kuitazama. Shimo nalo likabaki. Likajaa maji, bata wakaogelea, watu wakazoea kulizunguka wanapokwenda chooni. Hakuna aliyejenga nyumba akiwa na nia ya kupata shimo.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Alipoanza kukaa, vidole vyake vya mikono na miguu vikavimba kama vitumbua, ukivigusa analia kilio cha mtu mzima. Kukinyesha analia. Upepo ukigeuka analia. Macho yakawa ya njano kama yamepakwa bizari. Alitufia dunguni mvua zikiwa zinaendelea, tukamsafirisha kwa mtumbwi amefungwa kanga yangu ya harusi. Hilo siliongezi neno.

Baada ya mazishi ndipo sifa yangu ikageuka. Nilikuwa nafua nguo, nikasikia wanawake wa jumuiya wanaongea na mama mkwe barazani, tena kwa sauti, maana walitaka nisikie.

"Mama mtu mnene, mtoto kakauka kama dagaa. Hivi inakuwaje?"

"Muulizeni mwenyewe," akajibu mama mkwe.

"Na homa yeye haumwi?"

"Haumwi. Mbu hamgusi." Akatema mate. "Mbu humgusa mwenzake?"

Wakacheka. Yule yule aliyenipapasa shingo masika nzima akitafuta mtu asiyeumwa ndiye sasa anauliza kwa nini siumwi.

Nikazaa tena, wa kike. Nilimtazama vidole kila siku kama anayelinda moto. Vikavimba. Macho yakawa yale yale. Mume wangu akayaona, akatoka nje. Masika moja mama mkwe akatuletea dunguni mganga kutoka upande wa milimani, mtu mwenye koti la suti na miguu peku. Huyu naye namhesabu. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akala kuku wetu, ndipo akatoa masharti: mtoto asivushwe maji yoyote mpaka mpunga uvunwe, na mimi nisiachwe peke yangu na mtoto nje ya macho ya mama mkwe. Akivushwa, alisema, mtoto ataachia roho katikati ya maji.

Fikiria mwenyewe sharti hilo, kwa watu wanaoishi juu ya maji.

Masika yale mto ulifurika kuliko tulivyozoea. Dungu letu likabaki kisiwa. Ukitazama huku maji, ukitazama kule maji na vichwa vya mpunga, na mbali kabisa mstari wa miti ya Michenga. Mtumbwi ulikuwa mmoja, umefungwa kwenye nguzo chini yetu. Upondo wa kuusukumia, mama mkwe aliulaza chini ya mkeka wake, akalala juu yake. Nilikuwa nakula, napika, nang'oa magugu nimeinama kwenye maji ya magoti, na mwanamke yule yuko juu ananitazama. Nikienda kujisaidia ananiita, nijibu. Kwao hayakuwa mateso. Waliita kulinda mtoto.

Binti yangu wakati huo alikuwa anaongea. Alikuwa anampenda sana bibi yake, sifichi. Bibi alikuwa akimwita "mke mwenzangu", kama bibi zetu wanavyotaniana na wajukuu.

"Mke mwenzangu, leo umempikia nini mume wetu?"

"Mavi ya bata!"

Basi bibi anacheka mpaka anakohoa. Mimi nilikuwa nakaa pembeni nasikiliza. Nilikuwa namchukia, na mtoto alikuwa anacheka mapajani kwake. Hayo mawili nilikuwa nayo kwa pamoja kila siku.

Asubuhi moja baridi mtoto akaamka hawezi kunyoosha miguu. Alipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Nikamfunua kope: nyeupe kama karatasi. Viganja vyeupe. Ulimi mweupe. Wa kwanza alikuwa hivi hivi ilipobaki siku moja.

"Tumpeleke Ifakara," nikasema.

Mume wangu alikuwa anahangaika na betri za redio, anazibana kwa meno ziongeze nguvu. Akamtazama mama yake.

"Asivushwe," mama mkwe akasema.

"Mama, anakufa."

"Akivuka ndipo atakufa. Ulisikia."

"Baba mtoto, na wewe sema."

Akaigeuza redio, akaitazama mgongoni. "Mama amesema," akasema. Naliandika hapa ili lisomwe. Hilo ndilo neno lake alilosema siku ile.

Nikamfunga mtoto mgongoni, juu kabisa, karibu na shingo. Nikashuka ngazi ya dungu, nikaingia majini. Yalinifika kiunoni, hatua chache mbele yakanifika kifuani. Sijui kuogelea. Nilikuwa nakanyaga matope nasikia majani yananishika miguu, na miti ya Michenga iko kule kule, haisogei. Nyuma mama mkwe akapiga kelele:

"Utamzamisha! Mchawi wewe! Utamzamisha mtoto wangu!"

"Basi lala juu ya upondo wako!"

Nilisikia mkeka unaburutwa. Nikasikia mtumbwi unafunguliwa. Si mume wangu. Ni yeye, mama mkwe, amejifunga kanga kiunoni, anapiga upondo kwa nguvu kama mwanamume, anatukana na kusali Salamu Maria kwa pumzi hiyo hiyo. Akanifikia maji yakiwa shingoni kwangu.

"Mlete."

"Naingia naye."

"Nimesema mlete!"

"Naingia naye, mama. Ukinikataa nakwenda hivi hivi."

Akaukaza mtumbwi kwa upondo, nikapanda. Mume wangu akatufuata kwa kuvua shati na kuogelea, maana kuogelea alikuwa anajua, miaka yote hiyo. Katikati ya maji mama mkwe aliacha kusali, akawa anamtazama mtoto tu, anasubiri roho iachiwe. Haikuachiwa. Tukagusa ardhi ya Michenga mtoto akiwa bado anapumua, na mama mkwe akavuta pumzi kama aliyekuwa ameizuia toka dunguni. Tukaazima baiskeli za majirani. Mume wangu akatubeba mimi na mtoto, na kijana wa jirani akambeba mama mkwe, ambaye alikataa kubaki.

Hospitalini Ifakara alitupokea nesi mmoja mfupi, mwenye maneno ya haraka. Hakuuliza mambo ya uchawi. Alimtoboa mtoto kidole, akachukua na kwangu, na mume wangu alipokataa akisema yeye si mgonjwa, alimjibu, "Sijakwambia u mgonjwa, baba. Leta kidole." Tukasubiri kwenye benchi. Aliporudi alikaa nasi, jambo ambalo sikulitegemea.

"Mama, homa unaumwa?"

"Siumwi."

"Toka utoto?"

"Toka utoto."

"Na wewe, baba?"

"Sisi ukoo wetu hatuumwi," mume wangu akasema, bado kwa majivuno.

Nesi akatueleza. Alisema watu wa mabondeni, zama na zama, mbu amewala vizazi kwa vizazi. Wengine damu yao ikatokea imepinda kidogo, upande mmoja tu, upande wa baba au wa mama. Homa ikiingia kwa mtu huyo haipati mahali pa kushika. Wale wengine walikufa wadogo, hawa wakakua, wakazaa. Ndiyo maana mko wengi, akasema. Lakini mtoto akiipokea ile damu iliyopinda kwa baba na kwa mama pia, chembe zake zote zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, ndiyo maumivu, ndiyo macho ya njano, ndiyo kuishiwa damu. Ugonjwa wenyewe wanauita siko seli. Na homa yenyewe ikimpata huyo, haimhurumii.

"Kwa hiyo damu yetu ndiyo imetaka hivi?" nikauliza.

"Damu haitaki kitu, mama. Ilipata kinga ya mbu, basi. Hili jingine limekuja lenyewe nyuma yake."

Sikuwa na shule ya kuyashika yale yote, lakini hilo nililishika papo hapo. Niliona shimo letu la tofali, lile la bata. Unachimba udongo upate nyumba. Nyumba unaipata, imara, mvua haiingii. Na mtoto wako anatumbukia shimoni.

Lakini mimi nina neno la kuongeza ambalo nesi hakulisema. Damu haina kosa, nakubali. Sisi je? Mabonde yana watu wengi, na asiyeumwa angeweza kuolewa na anayeumwa, watoto wakatoka salama. Nani alikwenda kuwatafuta wawili wasioumwa, akawapima, akawafungia nyumba moja? Nilimgeukia mama mkwe. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, anatazama mkono wake wa kulia, mgongo wa mkono, ule wa kupapasia. Nilijua ameelewa kabla yangu.

Mtoto alihitaji kuongezwa damu siku ile ile. Nikanyoosha mkono.

"Yako haitufai," nesi akasema. "Wala ya baba. Ni hiyo hiyo yake, nusu. Nataka mtu wa kundi lake ambaye damu yake imenyooka. Bibi, wewe homa unaumwa?"

"Kila mwaka," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo. Nilijua aibu ile. Ndiyo iliyomtukanisha maisha yake yote.

"Njoo nikupime."

"Mimi? Mimi mgonjwa mgonjwa huyu?"

"Unaumwa kwa sababu huna kile walicho nacho hawa. Twende."

Wakampima. Hakuwa na homa siku hiyo, hakuwa na ugonjwa wa kumzuia, na damu ikakubaliana. Hapo sasa akaogopa. Alisema damu ya mtu ikitoka nje inaweza kufanyiwa mambo. Alisema ni mzee. Alisema mganga. Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mama wa kumsemea.

Nikapiga magoti mbele yake, mbele ya watu wote wa korido. Si kwa heshima, na alijua.

"Mama," nikamwambia, "uliniambia mwanao hataoa mtu kama wewe. Angeoa mtu kama wewe, leo tusingekuwa hapa. Sasa mpe mtoto kidogo ya huko kuumwa kwako."

"Una mdomo mchafu," akasema. Akaondoka na nesi.

Mtoto aliamka jioni akiomba chai. Midomo ilikuwa na rangi. Bibi yake alikuwa kitanda cha pili na soda mkononi, amefungwa pamba kwenye mkono.

"Mke mwenzangu," akamwita, "sasa tumechangia mpaka damu."

Ningependa kusema tulipatana. Hapana. Alichofanya mama mkwe ni kumchukua mtoto. Tuliporudi Michenga alikuwa akiwaambia watu, "Huyu ni wangu, amejaa damu yangu. Mama yake akitaka kwenda kwao aende, njia anaijua." Na damu ile inaisha, nesi alituonya, mtoto atahitaji tena. Ningekwenda naye wapi? Kisawasawa, kwa ndugu zangu, wote wasioumwa kama mimi? Damu ya mwanangu ilikuwa inatembea ndani ya mwanamke yule. Nikabaki. Watu walisema nampenda sana mume wangu.

Masika iliyofuata, mama mkwe akaleta binti mwingine dunguni kuonjeshwa bonde. Ni kwa ajili ya mume wangu huyo huyo, kimya kimya, kanisa lisijue, maana alitaka wajukuu na mimi niliambiwa nipumzike kuzaa. Mimi ndiye nilikuwa napika.

"Hata baada ya yale ya hospitali?" nikamuuliza.

"Si kila asiyeumwa yuko kama wewe," akasema. "Na mpunga hautajilima."

Hapo hakukosea, wapo wasioumwa kwa bahati tu. Nilimweleza binti mwenyewe habari ile ya damu, tukiwa tunang'oa magugu. Alikuwa mchangamfu, mwenye pengo la meno. Alinisikiliza, halafu akacheka.

"Dada, sema tu una wivu. Mimi sina neno, tutakaa wote."

Basi nikawa nasali. Kila asubuhi nilikuwa nageuza ugali na kutega sikio. "Kichwa?" "Hakiumi." "Viungo?" "Vizima." Na mimi kimyakimya namwomba Mungu amletee homa mtoto wa watu. Sikuwahi kusali kwa moyo kama vile, hata kwa wangu wa kwanza. Sijutii.

Asubuhi moja hakuitika. Nikaenda kumtazama. Amejikunja kwenye mkeka, blanketi linacheza juu yake, meno yanagongana. Mama mkwe akaweka mkono shingoni kwake, akautoa, akaguna. Akapewa dawa, na alipopata nguvu za kukaa akafungiwa kanga na kuku.

Safari ile upondo nilipewa mimi. Nilimvusha. Alikuwa analia njia nzima, kuku mapajani.

"Nimeshindwa, dada. Watasema mimi legelege."

"Waache waseme."

"Wewe huwezi kujua. Wewe huumwi."

Nilimshusha kwenye nchi kavu, nikamshika mkono mpaka akasimama sawasawa. Alikuwa bado wa moto. Akaondoka akiyumba, na kuku anapiga kelele kwapani, akaishika njia ya kwao. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye mabua. Mbele yangu kulikuwa na njia ile ile, na hapakuwa na mtu wa kunizuia.

Nyuma, juu ya maji yanayobeba sauti mbali, nikasikia sauti ya bibi inauliza mume wao kapikiwa nini leo, na sauti ndogo inamjibu.

Nikageuza mtumbwi.